Si sabuni, ni kitambaa

Hivi wadau, mmewahi kusimama pembeni ya gari lenu saa sita mchana, jua la Dar likiwa utosini, mkalitazama boneti kwa upande? Sio kutazama kwa haraka mkiwa mnatafuta funguo. Namaanisha kuinama kabisa na kukodoa macho. Jaribuni leo. Mtaona vimistari vyembamba, mamia kwa mamia, vimejipanga mviringo kama utando wa buibui kuzunguka pale jua linapong'aa. Kwenye gari jeusi ndiyo balaa. Jeupe na lile la rangi ya fedha huficha aibu, lakini na yenyewe yanayo.

Wengi wakiviona husema "rangi imezeeka". Wengine husingizia kiwanda, eti magari ya siku hizi yanapakwa rangi ya maji maji. Mimi nabisha. Mikwaruzo ile haitokani na uzee. Imechorwa, na sehemu kubwa imechorwa hapa hapa mjini kwetu, kwa mikono tuliyoilipa wenyewe, mara nyingi ndani ya zile dakika tano za mwisho ambazo hakuna anayeziangalia. Gari limeshaoshwa, povu limeshaondoka, mwenye gari yuko kwenye simu, na kijana anafuta maji.

(Na tusidanganyike na lile umbo la mviringo. Mikwaruzo imekwenda kila upande, ila jua huangaza ile tu iliyolala kwa mkao wa kulirudisha kwenye jicho lako. Sogea hatua mbili na duara linasogea na wewe.)

Turudi darasani kidogo, halafu tutatoka. Bodi ya gari la kisasa ina bati, juu ya bati kuna prima, juu ya prima kuna rangi yenyewe, na juu kabisa kuna tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi wetu wa gereji wanaliita klia. Mng'ao unaoupenda ni wa klia, sio wa rangi. Sasa sikia hii: kwenye gari lenye rangi ya kiwandani, tabaka zote hizo zikijumlishwa mara nyingi zinafika maikroni 100 hadi 150 hivi, na klia peke yake ni kama 40 hadi 50. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani kwako una takribani maikroni 70. Yaani ngao yote ya gari lako la mamilioni dhidi ya jua, chumvi ya bahari na vinyesi vya kunguru wetu wa mjini ni nyembamba kuliko unywele.

Upande wa pili kuna vumbi. Vumbi letu lina mchanga mwingi, na mchanga kwa sehemu kubwa ni madini ya kwatsi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kile kinachoanzia 1 kwa madini laini kabisa na kuishia 10 kwa almasi, kwatsi iko namba 7. Kioo cha dirisha kiko chini yake. Klia, ambayo kimsingi ni aina ya plastiki, hata isiingizwe kwenye mashindano hayo. Kwa hiyo punje moja ya mchanga ikinaswa kwenye kitambaa, na kitambaa kikaburutwa kutoka kioo cha mbele mpaka kwenye taa, umepata mstari. Punje hamsini, mistari hamsini. Hapo sijazungumzia yule anayefuta kwa kuzungusha mkono kama anasugua sufuria la ugali.

Sasa twende kwenye vitambaa vyenyewe. Mimi nina tabia ya kuchungulia ndoo za watu. Mahali pengi nilipopita, kitambaa cha kufutia ni fulana ya mtumba iliyochoka. Fulana hiyo ina mshono, ina maandishi ya mpira kifuani yaliyokwisha kakamaa, wakati mwingine ina hata kifungo. Ni hiyo hiyo inayofuta rimu, vizingiti vya milango, halafu inakamuliwa kwenye ndoo yenye maji ya rangi ya chai na kupanda juu kufuta boneti. Kwingine utakuta kipande cha godoro. Na wale walioendelea kidogo wana ile ngozi bandia ya njano inayouzwa na machinga kwenye foleni, ndani ya kopo la plastiki. Inanyonya maji vizuri sana, siikatai. Tatizo lake ni kwamba haina manyoya. Punje ya mchanga ikikaa kati yake na rangi haina pa kujificha, inabanwa hapo hapo na kuburutwa. Ngozi halisi, ambayo Wazungu waliipa jina la mbuzi mwitu wa milimani kwao ingawa siku hizi nyingi ni ya kondoo iliyolainishwa kwa mafuta ya samaki, ina kasoro ile ile.

Niwape kisa kimoja. Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye benchi mahali fulani pa kuoshea magari hapa Dar, sipataji. Akaja mzee mmoja na gari jeusi, safi kabisa, limetunzwa. Likaoshwa, likafutwa, akazunguka kulikagua. Jua lilikuwa kali. Ghafla akapaza sauti, "Kijana, umenikwaruzia gari!" Kijana mwenyewe, umri wa miaka kumi na tisa au ishirini, akabaki ameduwaa. "Mzee wangu, mimi nimefuta tu." Msimamizi akafika, akaangalia, akatikisa kichwa, akamwambia mzee yule asilipe, na kwamba hasara itakatwa kwenye ujira wa kijana. Siku nzima ya kazi ikaondoka hivyo.

Nilisogea nikaomba kukiona kitambaa. Kilikuwa fulana ya kijani, nzito kwa maji. Nikaibana kati ya vidole, mchanga ukasikika. Nikamuuliza kijana kwa sauti ya chini kama alikuwa na kingine. Akanijibu, "Dada, hicho chenyewe nimenunua mwenyewe." Alipokuwa akinijibu hivyo tayari alikuwa anaelekea kwenye gari jingine, na fulana ile ile begani.

Jamani, hapo mwenye kosa ni nani? Mzee alikuwa na haki ya kukasirika. Kijana kweli ndiye aliyeshika kitambaa. Lakini mwenye eneo alinunua mashine ya presha, akajenga banda, akaweka tangi la lita elfu kadhaa juu ya mnara, akapaka ukuta rangi na kuandika bei, na kifaa pekee kinachogusa klia ya mteja akamwachia kijana anayelipwa kwa gari akajitafutie kwenye mtumba. Hilo ndilo linaloniudhi mimi. Tungesikia fundi cherehani anaambiwa aje na sindano yake na ikikatika akatwe mshahara, tungeshangaa. Kwa waosha magari tunaona kawaida, kwa sababu tumeshajiambia kwamba ile sio kazi, ni kubangaiza.

Na mzunguko hauishii hapo. Mwenye gari akiona vimistari anashauriwa akapige polishi. Anapiga, gari linawaka, anafurahi. Asichoambiwa ni kwamba polishi haijazi mkwaruzo kwa klia mpya. Inasaga klia iliyopo mpaka ifike chini ya mkwaruzo. Ule mng'ao umeupata kwa kupunguza unene. Ukifanya mara moja kwa mkono wa fundi anayejua, hakuna neno, klia inavumilia. Lakini ukienda kila baada ya miezi mitatu, kisha ukirudi kwenye fulana ile ile, ukirudi tena kwenye mashine, siku moja klia inakwisha. Ndani ya klia mna kemikali zinazozuia miale ya jua isiunguze rangi iliyo chini. Zikiondoka na jua letu hili, utaanza kuona paa na boneti vinafifia, halafu vinabanduka magamba meupe. Yale magari mnayoyaona barabarani kama yana mba, hiyo ndiyo habari yake. Hapo hakuna polishi tena, ni kupaka upya.

Kwa sisi tunaonunua magari yaliyotumika Japani, hili lina bei. Wengi mmeshika zile karatasi za mnada zenye mchoro wa gari na alama ndogo ndogo: A1 kwa mkwaruzo mdogo, A2 kwa uliozidi kidogo, A3 kwa mkubwa, U kwa pale palipobonyea. Mjapani anakaa chini na kuandika mkwaruzo wa A1 kwenye mlango wa nyuma wa gari ambalo limetembea miaka minane. Na sisi tunabishana na wakala kwa sababu ya hiyo A1! Gari linashuka bandarini, na wiki ya kwanza tu tunalikabidhi kwa fulana ya kijani.

Najua kuna atakayesema, basi dawa ni kutofuta kabisa, liachwe likauke lenyewe juani. Nimelisikia hili hata kwa watu wenye digrii zao. Haliwezekani, na sababu ni maji yetu. Maji yoyote ya bomba au kisima yana madini, hasa kalisi na magnesi, na visima vingi vya pwani hii vina chumvi juu yake. Kila aliyewahi kupanga nyumba yenye kisima anajua birika lake lilivyo kwa ndani baada ya miezi michache. Tone la maji likikauka juu ya boneti, maji yanaondoka na madini yanabaki, katika duara jeupe. Boneti likiwa la moto tone linakauka kwa sekunde. Ukiwahi, duara linatoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, unapitisha kwa kitambaa laini kisha unasuuza vizuri. Ukiliacha likapigwa jua wiki kadhaa linakula klia, na alama inabaki hata madini yakitoka. Kwa hiyo lazima tufute. Swali ni namna gani.

Jambo la kwanza halihitaji hata senti. Ukimaliza kusuuza, toa nozeli kwenye mpira, au zima mashine ya presha, uache maji yatiririke taratibu kuanzia juu ya paa. Maji yanayotiririka kwa utulivu hushikamana yenyewe kwa yenyewe na kuteremka kama shuka, yakivuta matone njiani. Maji ya presha hufanya kinyume, yanatawanya matone kila mahali. Kama gari lina nta utashangaa, zaidi ya nusu ya maji itakuwa imeondoka kabla hujagusa kitu. Na kama una maji ya mvua uliyokinga, suuzia mwisho na hayo. Hayana madini ya ardhini, ndiyo maana bibi zetu waliyapenda kwa kufulia. Ila sio mvua ya kwanza ya msimu, ile inaosha vumbi la bati.

Kivuli ni lazima, na sio kivuli cha mwembe, labda uwe unapenda utomvu na ndege.

Halafu taulo. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye mambo. Taulo la maikrofaiba limefumwa kwa nyuzi za poliesta na nailoni zilizopasuliwa zikawa nyembamba mno kuliko unywele. Kwenye pakiti utakuta imeandikwa 80 kwa 20 au 70 kwa 30, namba ya pili ndiyo nailoni. Zile nyuzi zilizopasuka hunyonya maji mengi, na yale manyoya marefu humeza punje ya mchanga iingie ndani badala ya kubaki juu ikikwangua. Angalia na uzito, huandikwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Yale membamba ya 200 hadi 300 waachie dashibodi. Kwa kufuta maji chukua la 400 kwenda juu, kubwa kama taulo la kuogea la mtoto. Kabla ya yote kata lebo kwa mkasi, maana lebo inakwaruza kuliko taulo zima litakavyokwaruza mwaka mzima.

Litandaze lote juu ya paa au boneti, shika pembe mbili, livute kwako polepole kwa mstari ulionyooka. Usikandamize. Uzito wa taulo lenyewe unatosha. Sehemu zenye kona bonyeza na kuinua, bonyeza na kuinua, kama unavyomfuta mtoto uso. Anza juu ushuke: paa, vioo, boneti, buti, nusu ya juu ya milango. Chini ya pale, kwenye vizingiti na bampa, ndipo mchanga wa barabarani unapojificha hata baada ya kuosha, kwa hiyo pana taulo lake. Rimu nazo zina lake, na hilo lisipande juu hata kama dunia inawaka. Taulo likianguka chini, limekufa. Sio kukung'uta ukaendelea. Limestaafu siku hiyo mpaka lifuliwe.

Kufua kwenyewe, peke yake, sio pamoja na jinzi. Usiweke ile dawa ya kulainisha nguo na kunukia, inaziba nyuzi na taulo linaanza kusukuma maji badala ya kunywa. Usipige pasi wala usichemshe, nyuzi zile ni plastiki, zinaungana na kuwa ngumu. Anika kivulini, kwenye kamba, sio juu ya ua wa michongoma.

Wenye uwezo hutumia hewa, zile mashine za kupulizia majani, na kwa kweli hakuna njia salama kuliko isiyogusa rangi kabisa. Zinafaa hasa kwenye saitimira, vitasa na nembo, mahali ambapo maji hujificha na kuja kuchuruzika ukishamaliza. Lakini msikimbilie mpira wa hewa wa kwa fundi wa pancha. Kompresa nyingi hutoa hewa yenye mvuke na mafuta ya mashine, na kuna anayepuliza huku bomba la chuma likigonga mlango. Na ile raba ya kufutia vioo iishie kwenye vioo. Punje moja ikinasa kwenye ukingo wake inasafiri boneti lote.

Kuna dada mmoja nikimweleza haya alinicheka. Akaniambia gari ni chombo cha kunitoa Tabata kunipeleka Posta, na watu hawana maji ya kunywa, mimi nahubiri taulo. Nilimwelewa. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua na mgao wa maji ukaingia Dar, mimi mwenyewe nilikaa wiki sioshi gari na sikuona haya. Lakini ninachosema hapa hakiongezi hata kikombe kimoja cha maji. Kinapunguza, kwa sababu gari ambalo klia yake ni nzima halishiki uchafu kama lililokwanguka, unaosha kwa ndoo mbili na unamaliza. Na gari kwa wengi wetu ni mkopo. Unalipa miaka mitatu, na siku ya kuliuza mnunuzi anakuja mchana, anainama, anaangalia boneti kwa upande.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni mawili, na kubishana ruksa. Wenye maeneo ya kuoshea, nunueni taulo. Mziweke kwenye hesabu kama mlivyoweka sabuni na umeme, tano tano kwa kila kijana, rangi tofauti kwa juu, chini na rimu ili asichanganye hata akichoka. Ongezeni bei kidogo na muandike ukutani kwamba hapa kila gari hufutwa kwa taulo safi. Mimi nitalipa, na najua wengi watalipa, maana watu haohao hulipia kinyunyizio cha kunukia ndani ya gari ambacho kinaisha kesho yake.

Sisi wenye magari, mpaka hayo yatokee, tubebe taulo zetu. Mbili kwenye mfuko safi wa plastiki ndani ya buti. Ukifika, msalimie kijana, mpe, mwambie kwa upole hili la juu na hili la chini, na kama umemwomba aende polepole mwongezee cha ule muda, kwa sababu yeye anahesabu magari. Nimefanya hivyo mara nyingi sasa. Wa kwanza alinitazama kama nimechanganyikiwa. Wa pili aliligeuza taulo mkononi, akalipima uzito, akaniuliza linauzwa wapi na bei gani. Nilipomtajia alinyamaza akipiga hesabu, kisha akasema, "Hilo ni magari mawili, dada."

Mkiondoka pale, endesheni taratibu dakika chache za kwanza na mguse breki mara mbili tatu. Diski zimelowa, na zile taulo zetu haziwezi kufika huko.